Maswali ya Jikoni: Bidhaa za Mahoteli Nyumbani Kwako

Mwezi huu barua nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Katoni za chipsi, mitungi ya mafuta na nyama za vifuko ambazo hoteli hununua, je, zinafaa jikoni mwa mtu wa kawaida hapa Nairobi? Zipo zinazofaa sana na zipo za kuwaachia wenye hoteli. Anayepata hasara kwa kawaida huwa ameuliza bei ya mfuko, asijiulize mfuko ule utatoa sahani ngapi na utakaa siku ngapi kabla haujaharibika.

Katoni ya chipsi iliandikwa shilingi 2,400 katika duka moja la Industrial Area linalouzia mahoteli. Kwenye malipo nikaambiwa 2,784. Nimepunjwa? Na mtu asiye na hoteli anaruhusiwa kununua huko?
*Msomaji, Zimmerman*

Hukupunjwa. Zile shilingi 384 ni VAT ya asilimia 16. Maduka ya aina hiyo yamezoea wateja wenye biashara, ambao huidai VAT hiyo katika hesabu zao za ushuru, ndiyo maana bei hutajwa bila kuijumlisha. Wewe huna pa kuidai, kwa hivyo kwako bei ni 2,784. Katoni ya chipsi kwa kawaida ina mifuko minne ya kilo 2.5, yaani kilo 10. Basi kilo moja imekugharimu shilingi 278 na senti 40, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei ya supamaketi, ambayo tayari ina VAT ndani.

Hakuna sheria inayomkataza mtu wa nyumbani kununua. Kila duka lina utaratibu wake, basi piga simu kabla ya kulipa nauli: uliza kiwango cha chini cha kununua, kama wanafungua katoni na kukuuzia mfuko mmoja, na kama bei waliyokutajia ina VAT. Ukifika, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila mfuko, hata kama umeshaiona kwenye katoni. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina nambari ya kibali chini ya alama hiyo. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023, nawe utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani.

Nilinunua mfuko wa chipsi za kugandishwa wa kilo mbili na nusu. Asubuhi nikazitoa kwenye friza ziyeyuke, jioni nikakaanga. Zilinyonya mafuta, zikalegea, nyingine zikavunjikavunjika. Mbona za hotelini huwa kavu na zimesimama?
*Mama wa watoto watatu, Donholm*

Mama, kosa lilifanyika asubuhi. Chipsi hizi hazitolewi barafu. Kiwandani huchemshwa kidogo ili sukari ya juu itoke, hukaushwa, hukaangwa nusu, kisha hugandishwa. Ukiziacha ziyeyuke, maji yaliyogandishwa ndani ya kiazi hutoka na kulowesha ule upande wa nje uliokwisha kukaangwa, na wanga wake huwa kama uji. Zikiingia kwenye mafuta zikiwa na maji hayo, mafuta hupoa ghafla. Kwenye mafuta yaliyopoa, ngozi ya nje haikauki upesi, na mafuta yanaingia.

Fanya hivi. Chukua sufuria nzito ya lita 5, tia lita 2 za mafuta. Usipite nusu ya sufuria, kwa sababu barafu ikikutana na mafuta ya moto hufanya povu linalopanda haraka. Pasha hadi nyuzi 175 au 180. Ikiwa huna kipimajoto, tia chipsi moja: inapaswa kutoa mapovu papo hapo kandokando yake yote na kubaki juu. Ikizama na kutulia, ngoja. Mafuta yakianza kutoa moshi, umepitiliza, zima moto.

Sasa tia gramu 200 tu, moja kwa moja kutoka friza. Hizo ni konzi mbili za kujaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa sufuria inaonekana kubwa na watoto wana njaa. Lakini jiko la gesi la nyumbani halina nguvu ya kikaango cha hoteli, na ukimwaga nusu kilo kwa mara moja, mafuta yanaweza kuchukua dakika kadhaa kurudi kwenye joto lake. Chipsi nene, za kama milimita 10, zinataka dakika 3 hadi 4. Nyembamba za milimita 6 au 7, dakika 2 hadi 2 na nusu. Zitoe zikiwa rangi ya dhahabu. Ziweke kwenye chekecheo au waya. Usizirundike kwenye bakuli na kuzifunika, maana mvuke wake wenyewe utazilegeza. Chumvi nyunyiza zikiwa zimeshatoka, mbali na sufuria, kwa sababu chumvi huharakisha kuchoka kwa mafuta.

Ukiwa dukani, utikise mfuko kabla ya kuuchukua. Chipsi zilizotunzwa vizuri hugongana kwa sauti kavu, kama maharagwe ndani ya debe. Ukisikia kishindo cha bonge moja, au ukiona vipande vya barafu vimekusanyika chini ya mfuko, ziliyeyuka njiani zikagandishwa tena, na hakuna ufundi wa jikoni utakaoziokoa.

Na wale wanaouliza kwa nini viazi vyao vya sokoni, Shangi kwa mfano, hutoa chipsi zenye rangi nyeusi: mara nyingi viliwekwa kwenye friji. Kiazi kibichi kikikaa kwenye baridi, wanga wake hugeuka sukari, na sukari huungua mapema kwenye mafuta. Weka viazi stoo, gizani, penye hewa.

Mwezi wa Julai mtungi wangu wa mafuta wa lita 20 ulibadilika, mafuta yakawa na ukungu na kitu cheupe chini. Jirani anasema ni mafuta ghushi. Nimwage?
*Msomaji, Kayole*

Usimwage. Mafuta mengi yanayouzwa hapa kwa mitungi ni ya mawese, na mawese yana sehemu inayoganda kwenye baridi ndogo tu. Asubuhi za Julai hapa Nairobi joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12, nayo stoo yenye sakafu ya simiti huongeza baridi. Ule weupe ni mafuta yaleyale yaliyoganda. Sogeza mtungi mahali penye joto, au toa kiasi utiacho kwenye sufuria na ukipashe taratibu, kitakuwa angavu. Usiweke mtungi wa plastiki karibu na jiko. Mafuta ya kumwaga ni yale yenye harufu ya rangi ya ukuta au ya njugu zilizochacha, au yanayokwaruza koo.

Hujauliza, lakini tunasema: kwa nyumba ya watu wanne, lita 20 ni nyingi. Mkitumia lita 3 kwa mwezi, mtungi utachukua karibu miezi saba, na kila ukifunguliwa hewa inaingia. Hewa, mwanga na joto ndivyo vinavyochachusha mafuta. Gawaneni watu watatu au wanne siku ileile ya kununua. Mimina sehemu yako kwenye chupa safi zilizokauka kabisa ndani, zijae hadi shingoni ili nafasi ya hewa iwe ndogo, uzifiche kabatini. Mafuta uliyokaangia yachuje kwa kitambaa yakiwa vuguvugu, maana makombo yanayobaki ndiyo yanayoungua safari ijayo. Yakianza kufanya povu la kudumu, kunata, au kutoa moshi kabla hujatia chakula, yamekwisha. Yafunge kwenye chupa uyatupe na takataka, usiyamwage kwenye sinki.

Nilinunua kilo moja ya kamba waliogandishwa. Barafu ilipoyeyuka nikapima gramu mia saba na kitu. Muuzaji ananiambia ni kawaida. Kweli?
*Msomaji, South C*

Barafu ni ya kawaida, lakini kuiuza kwa bei ya kamba si haki. Samaki na kamba wa kugandishwa huvikwa ganda jembamba la barafu kwa makusudi, ili hewa kavu ya friza isiwakaushe na kuwatia madoa meupe. Pakiti ya mtu mwaminifu hutaja uzito halisi, yaani uzito bila barafu hiyo. Soma huo, uache ule mkubwa ulioandikwa mbele.

Kama lebo haisemi, jipimie. Chukua kamba 10 wakiwa wameganda, wapime. Wapitishe chini ya bomba la maji baridi hadi ganda la barafu liishe na vidole viguse kamba mwenyewe, lakini asianze kulainika. Wapanguse kwa kitambaa, pima tena. Tuseme mwanzo ilikuwa gramu 200, sasa ni 160: umenunua maji asilimia 20. Ikiwa kilo ilikuwa shilingi 1,500, kamba halisi amekugharimu 1,875 kwa kilo. Kwa hesabu hiyo, kamba wabichi wa City Market huenda wasiwe ghali kama ulivyodhani.

Zile nambari kwenye pakiti pia huwachanganya watu. 16/20 maana yake ni kamba 16 hadi 20 katika ratili moja, ambayo ni gramu 454. Kwa kilo ni kama 35 hadi 44. Wa 31/40 ni 68 hadi 88 kwa kilo. Nambari ikiwa ndogo, kamba ni mkubwa. Kwa pilau au mchuzi wa nazi hakuna haja ya kulipia wakubwa. Wa 31/40 wanatosha, na kila sahani itapata wengi. Wa 16/20 waweke kwa kuchoma.

Angalia pia orodha ya viungo. Kamba mwenyewe na chumvi, sawa. Ukiona E451 au neno fosfati, kamba walilowekwa dawa inayowafanya washike maji, na kwenye kikaango watatoa maji hayo, wasinyae, wachemke badala ya kukaangika. Wa kwako watoe barafu usiku kucha ndani ya friji, kwenye chujio juu ya bakuli. Wakaushe vizuri kabla hawajagusa moto.

Nililetewa fileti nzima ya ng'ombe kwenye kifuko kilichonyonywa hewa. Rangi yake ni zambarau, karibu nyeusi, na nilipofungua kulikuwa na harufu. Bucha letu nyama ni nyekundu. Nimeirudisha friji, naogopa kuila.
*Dada wa Ngara*

Dada, hiyo zambarau ni rangi ya nyama isiyoona hewa. Ndani ya nyama mna kitu kinachoitwa mayoglobini, na kikikutana na oksijeni ndipo kinapokuwa chekundu, kama nyama iliyotundikwa buchani. Iweke kwenye sahani, wazi, ndani ya friji. Baada ya dakika 15 hadi 30 utaona wekundu unaanza pembeni na kwenye mikunjo, ukisambaa. Ikate kipande katikati: ndani bado itakuwa zambarau, nje nyekundu. Ile harufu ya uchachu kidogo ni ya kifuko kilichofungwa, na kwa nusu saa hiyo huisha.

Harufu isipoisha, ikiwa kama ya mayai viza, au ukikuta utelezi wa kijani, au kifuko kilikuja kimevimba, usionje. Rudisha na risiti. Wengine hutuambia kwamba hata pakiti za krispi zinazotoka Mombasa hufika Nairobi zimevimba. Ni kweli, kwa sababu tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na shinikizo la hewa huku ni dogo, hewa iliyofungiwa pwani hutanuka. Lakini kifuko cha nyama kilinyonywa hewa yote. Kikivimba, hewa imeingia au bakteria wameitengeneza humo ndani.

Fileti nzima usiigandishe hivyohivyo. Toa ule utando wa fedha unaong'aa: ingiza ncha ya kisu kikali chini yake, geuza makali yaelekee juu kwenye utando, vuta kwa mkono mwingine. Katikati pana pafanye steki za gramu 180 hadi 200. Upande mnene wenye vipande viwili toa vipande vya kuchoma kwenye vijiti, na mkia mwembamba ukate vijiti vya kukaanga na hoho. Funga kila mlo peke yake, ubapa, unene usiopita sentimita 3, uandike tarehe. Kipande bapa huganda haraka, na barafu yake inakuwa midogomidogo isiyopasua nyama. Ndiyo sababu hakimwagi maji mengi mekundu kikitolewa barafu.

Tuko familia nne kwenye chama, na friza moja ya lita 100. Tunaweza kununua kiasi gani? Na stima ikipotea?
*Mwekahazina wa chama, Rongai*

Tenganisheni vitu viwili. Kilichokuja kimeganda kinataka nafasi tu. Mfuko wa chipsi wa kilo 2.5 hula karibu lita 6, kwa hivyo katoni nzima itachukua kama robo ya friza yenu. Kilichokuja kibichi kinataka friza ifanye kazi ya kugandisha, na hapo kuna kikomo: kwa lita 100, usiingize zaidi ya kilo 3 hadi 4 na nusu za nyama mbichi kwa siku moja. Mkitia mbuzi mzima wa kilo 12 jioni moja, katikati ya rundo nyama itabaki vuguvugu usiku kucha, na hata vile vilivyokwisha kuganda vitaanza kulainika. Mbuzi huyo mgawaneni, kila nyumba ianze na sehemu yake kwenye friji, kisha mgandishe kwa siku tatu.

Stima ikipotea, msifungue. Friza iliyojaa hudumu kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kama mna nafasi tupu, jazeni chupa za maji zigande humo. Na wekeni kikombe cha maji kwenye friza, yakishaganda wekeni sarafu juu yake. Mkirudi safarini mkikuta sarafu imezama chini ya kikombe, chakula kiliyeyuka chote kikaganda tena bila ninyi kujua, kitupeni. Ikiwa iko juu, mko salama. Stima ikirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani inaweza kugandishwa tena, ingawa itapoteza maji. Kamba na samaki waliolainika lakini bado ni baridi wapikeni siku hiyohiyo.

Nataka biriani yenye punje ndefu zisizovunjika kama ya hotelini. Nimetumia Pishori ya Mwea lakini inashikana.
*Msomaji, Eastleigh*

Pishori ni ya wali na pilau, na kwa harufu hatujui mpinzani wake. Hoteli nyingi za biriani hutumia basmati ya sella, ambayo hulowekwa na kupigwa mvuke ikiwa bado na maganda, kisha ikakaushwa na kukobolewa. Mvuke huo huivisha wanga, nao hukaza ukikauka, punje inakuwa ngumu yenye rangi ya manjano hafifu. Harufu yake ni ndogo, lakini inavumilia moto.

Loweka kilo 1 kwa saa nzima. Chemsha lita 5 za maji na gramu 60 za chumvi, mimina mchele, upike dakika 10 hadi 12, kisha vunja punje moja kwa kucha: iwe laini, na katikati ibaki nukta nyeupe. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100, kwa hivyo maelezo ya pakiti yaongezee dakika 2 au 3. Chuja, panga juu ya nyama, funika kwa uzito, moto mdogo dakika 25.

Ukinunua gunia la kilo 25, ugawe na kuugandisha mchele siku nne kwenye friza, sehemu kwa sehemu, kabla ya kuutia kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Fukusi hutaga mayai ndani ya punje, na huwezi kuyaona.

Kwa ufupi: hamira ya gramu 500, nyanya ya kopo la kilo 2.2, mayonezi ya lita 5, na manda za sambusa. Zipi ninunue?
*Msomaji, Umoja*

Hamira nunua, na mgawane. Pakiti iwe ngumu kama tofali. Ikibonyea, hewa imeingia. Kwa gramu 10 kwa kilo ya unga, nusu kilo itakanda kilo 50. Itie kwenye chupa inayobana, uiweke friza.

Nyanya pia nunua. Usiiache ndani ya kopo baada ya kufungua, kwa kuwa ukali wake ukisaidiwa na hewa hula bati. Igandishe kwenye vibati vya barafu, kijiko kikubwa kimoja kimoja, kisha ihamishie kwenye mfuko. Kopo moja hutoa vipande kama 120.

Mayonezi acha. Nyumbani hutaimaliza kabla haijabadilika ladha, na ndoo ya lita 5 inakula rafu nzima ya friji.

Manda ni nzuri mno kwa mwezi wa Ramadhani. Zitoe friza usiku, zikae kwenye friji ndani ya kifuko chake hadi asubuhi, ndipo uzibandue. Unazofanyia kazi zifunike kwa kitambaa kilichokamuliwa, kwani zikipigwa na hewa dakika chache tu kingo hukauka na kupasuka ukizikunja, na nyama hutokea pembeni kwenye mafuta. Gundi ni unga wa ngano na maji, uzito wa uji mzito. Kaanga kwenye nyuzi 160 hadi 170, maana moto mkali huziunguza nje na kuacha mikunjo ya ndani mibichi. Manda ulizoyeyusha usizirudishe friza zikiwa tupu. Zikunje zote ziwe sambusa, ndizo ugandishe.